Kupanga Seva ya Chama kwa Gharama Nafuu

Kila kiongozi wa chama cha akiba na mikopo anaijua thamani ya leja. Fedha taslimu zikiibwa, hasara yake huhesabika siku hiyo hiyo na chama huanza kuifidia kidogo kidogo. Leja ikipotea, hakuna awezaye kusema kwa yakini nani ameweka kiasi gani na nani anadaiwa kiasi gani, na hapo ndipo ugomvi unapoingia katika mkutano mkuu. Ndiyo maana tangu zamani leja imefungiwa kasikini pamoja na vitabu vya stakabadhi na muhuri wa chama.

Siku hizi leja ya vyama kadha wa kadha mjini Dar es Salaam imeihama kasiki. Kutoka Tegeta na Mwananyamala hadi Tandika, Yombo na Mbagala, wapo viongozi walioamua kutengenezewa programu ya chama chao ya kuandika hisa, akiba, mikopo na marejesho, ambayo karani huifungua kwa kompyuta au simu akiwa popote penye intaneti. Fundi aliyeitengeneza huja mbele ya Bodi, huionyesha, wajumbe hufurahi, na mwishoni hutamka sentensi moja ambayo wengi huiacha ipite bila swali: kwamba programu itahitaji mahali pa kukaa, na mahali hapo patalipiwa kila mwezi au kila mwaka. Makala hii inahusu mahali hapo.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba programu ya namna hii haikai ndani ya simu ya karani. Simu ni dirisha tu. Programu yenyewe, pamoja na hesabu zote za wanachama, hukaa katika kompyuta nyingine iitwayo seva, ambayo huwashwa usiku na mchana na kazi yake ni kupokea maombi na kuyajibu. Karani wa Mbagala akiandika kwamba mwanachama amelipa rejesho la shilingi 50,000, maneno hayo husafiri hadi kwenye seva, huandikwa huko, kisha jibu hurudi. Seva ikizimika, ofisi yote husimama. Seva ikiharibika bila nakala, leja imeungua.

Kabla ya kuzungumza bei, Bodi haina budi kujiuliza kama chama kinahitaji kweli programu ya peke yake. Tume ya Maendeleo ya Ushirika inao mfumo wake, MUVU, ambao vyama huutumia katika shughuli za usajili na kuwasilisha taarifa, na kuwa na programu ya binafsi hakukiondolei chama wajibu huo. Chama kidogo chenye wanachama mia moja na mikopo ya aina moja, kwa kawaida, hakina sababu ya kuingia gharama ya kutengeneza na kutunza programu. Lakini chama chenye matawi mawili matatu, mikopo ya aina nyingi na wanachama wanaolipa kwa simu kila siku kinaweza kuwa na sababu nzuri. Uamuzi huo ukishafikiwa na kuingizwa katika makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu, ndipo suala la seva lifuate.

NYUMBA ZA KUPANGA

Mkazi wa Manzese au Tandika ataelewa aina za seva upesi kuliko wasomi wengi, kwa sababu zinafanana sana na nyumba za kupanga.

Aina ya kwanza ni chumba katika nyumba ya wapangaji wengi. Kampuni ina seva moja kubwa, na ndani yake imeweka wateja mamia, kila mmoja na chumba chake. Bei ni ya chini kabisa. Lakini choo ni kimoja na mita ya LUKU ni moja: mpangaji mmoja akiwasha pasi, jiko na friji kwa pamoja, taa za wote hufifia. Aidha, mwenye nyumba ndiye anayeamua nini kiruhusiwe. Kwa kawaida nyumba za namna hii zimeandaliwa kwa programu zilizoandikwa kwa lugha ya PHP na kutunza hesabu katika MySQL, na mpangaji huendesha chumba chake kwa ukurasa wa usimamizi uitwao cPanel au mfano wake. Programu iliyoandikwa kwa Java, Python au lugha nyingine inayotaka kukaa macho wakati wote mara nyingi haikubaliki humo, au hukubaliwa kwa masharti yanayoichosha.

Aina ya pili ni kile mafundi wakiitacho VPS, yaani seva pepe. Hapa seva kubwa imegawanywa kwa ukuta imara zaidi, na kila mpangaji anapata sehemu yake ya kumbukumbu, ya diski na ya nguvu ya kazi, pamoja na funguo zote za ndani. Ni nyumba ndogo ya peke yake yenye mita yake. Programu ya lugha yoyote yaweza kukaa humo. Ila mpangaji ndiye anayefagia uwanja: kuweka kinga, kuziba nyufa za usalama kila zinapogunduliwa, kuangalia diski isijae. Mwenye nyumba hatakuja kugonga mlango kumwambia kwamba kufuli limechakaa.

Aina ya tatu ni kukodi seva nzima, nyumba kubwa yenye uzio. Chama cha msingi hakina haja nayo, na fundi anayeipendekeza aombwe aeleze kwa hesabu.

Iko pia aina ambayo ni mithili ya nyumba ya wageni: chama huleta programu yake tu, na kampuni hufanya usafi, ulinzi na kutunza nakala. Bei yake huwa kubwa kuliko seva pepe tupu, mara nyingine mara mbili tatu. Hata hivyo chama kisicho na fundi wa kudumu kisiikimbie kwa kuitazama bei peke yake, kama itakavyoonekana mbele.

CHAMA KINAHITAJI SEVA KUBWA KIASI GANI

Katika jambo hili fedha nyingi hupotea, kwa sababu muuzaji husema kwa gigabaiti na mnunuzi hana kipimo. Chukua mfano wa chama chenye wanachama 800, ofisi kuu Mbagala na tawi Tegeta, makarani na maofisa 12 wanaotumia programu. Kila mwanachama na awe na miamala 10 kwa mwezi, ambayo ni mingi. Hiyo ni miamala 8,000 kwa mwezi na 96,000 kwa mwaka. Muamala mmoja, pamoja na tarehe, namba, kiasi, jina la karani na faharasa zake, hauzidi sana kilobaiti moja. Kwa hiyo leja ya mwaka mzima ya chama hiki ni megabaiti 96 hivi, chini ya sehemu moja ya kumi ya gigabaiti. Miaka kumi ya kazi haijazi gigabaiti moja.

Kinachokula diski ni picha. Fomu ya mkopo iliyopigwa picha, kitambulisho, barua ya mdhamini: ukurasa mmoja waweza kuwa kilobaiti 500. Wanachama 800 wakiwa na kurasa tano tano, hizo ni gigabaiti 2. Bado ni kidogo. Seva pepe ndogo kabisa zinazouzwa leo huwa na diski ya gigabaiti 10 na kuendelea.

Kumbukumbu ndiyo ya kuangalia zaidi kuliko diski, maana ndiyo meza ya kazi. Makarani 12 wanaofanya kazi kwa pamoja, na programu iliyoandikwa kwa uangalifu, huhudumiwa vyema na seva yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 au 2. Mwisho wa mwezi, siku ya kukokotoa riba za wote, itapumua kwa nguvu, lakini itamaliza. Afadhali kuanza na ndogo na kuongeza baadaye, kwani seva pepe huongezwa kwa kuizima na kuiwasha tena, kazi isiyomaliza saa moja. Chama kinachoambiwa kianze na gigabaiti 16 kinauziwa basi la abiria sitini kwa ajili ya kwenda sokoni.

BEI ILIYOANDIKWA NA BEI INAYOLIPWA

Seva za nje ya nchi hutangazwa kwa dola au euro. DigitalOcean ya Marekani, kwa mfano, ilipandisha bei mwezi Julai 2022: seva yake ya kumbukumbu ya gigabaiti 1 iliyokuwa dola 5 kwa mwezi ikawa dola 6, na ikaletwa nyingine ndogo zaidi ya dola 4. Dola 6 kwa mwezi ni dola 72 kwa mwaka. Mwanzoni mwa 2023, dola ilipokuwa shilingi 2,300 hivi, hizo zilikuwa shilingi 165,600. Kufikia katikati ya 2024 dola ilikuwa imepita shilingi 2,600. Kwa kiwango cha 2,650, seva ile ile bila kubadilika hata kidogo iligharimu shilingi 190,800. Baadaye shilingi ilipata nguvu tena, ikashuka, ikapanda. Mweka hazina anayeandika makisio kwa kiwango cha siku ile bila kuacha nafasi atajikuta na pengo katikati ya mwaka.

Watoa huduma wa nchini hulipwa kwa shilingi. Kanuni zilizotangazwa mwezi Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutangazwa au kudaiwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo ankara ya dola kutoka kampuni ya Dar es Salaam inayouza huduma yake hapa hapa ni ya kurudishwa. Malipo ya nyumbani hufanywa kwa benki au kwa simu, stakabadhi hupatikana, na mkaguzi wa COASCO huikuta katika jalada. Hilo si jambo dogo. Seva ya nje hulipiwa kwa kadi, na kadi hiyo mara nyingi huwa ya mtu mmoja: fundi, au meneja. Kadi ikiisha muda wake, au mwenyewe akiondoka, malipo hukataliwa, barua za onyo hupelekwa kwenye anwani ambayo hakuna aisomaye, na baada ya majuma machache seva hufutwa. Kampuni haijafanya kosa lolote, ilionya, haikujibiwa.

Bei ya mwaka wa kwanza nayo isiwapumbaze viongozi. Ni desturi ya wauzaji wengi wa vyumba vya pamoja kutoa bei ya kukaribisha, kisha mwaka wa pili kudai mara mbili au zaidi. Swali la kuuliza ni moja: mwaka wa pili na wa tatu ni kiasi gani, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani? Kwingine huongezwa gharama ya hati ya usalama, ile inayofanya mawasiliano kati ya simu na seva yafungwe yasisomwe na mpita njia. Hati hiyo ni ya lazima kabisa, ila tangu mwishoni mwa 2015 taasisi ya Let's Encrypt imekuwa ikiitoa bure kwa kila atakaye. Chama kisilipe maelfu kwa kitu kinachopatikana bila malipo, isipokuwa kama kuna sababu iliyoelezwa kwa maandishi.

Halafu kuna mshahara. Seva pepe ya shilingi laki mbili kwa mwaka inahitaji mtu wa kuitunza, hata kama ni saa mbili tatu kwa mwezi. Mtu huyo akilipwa shilingi 50,000 kwa mwezi, ni shilingi 600,000 kwa mwaka, mara tatu ya kodi ya seva yenyewe. Asipolipwa, hafanyi, na asipofanya, nyufa hukaa wazi mpaka mwizi azione. Hapo ndipo ile nyumba ya wageni yenye bei kubwa inapoanza kuonekana rahisi kwa chama kisicho na fundi.

Na je, kwa nini chama kisinunue kompyuta yake na kuiweka ofisini? Wazo hili hurudi katika kila mkutano, kwa sababu mwanachama hupenda kukiona kitu alichokinunua. Hesabu yake ni hii. Kompyuta ya mezani inayokula wati 100 ikiwashwa saa 24 kwa siku 30 hutumia uniti 72. Kwa shilingi 350 hivi kwa uniti, ni shilingi 25,200 kwa mwezi, na 302,400 kwa mwaka. Umeme peke yake umeshazidi kodi ya seva pepe ndogo ya nje, kabla ya kununua kompyuta, betri za akiba, feni ya kupoza na intaneti ya kudumu. Tena LUKU huisha usiku wa Jumamosi. Wakati wa mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 mitaa mingi ya jiji ilikaa saa nyingi gizani, na Aprili 1, 2024 hitilafu ya gridi ya taifa iliacha sehemu kubwa ya nchi bila umeme. Kompyuta iliyo mezani Mbagala haiwezi kumhudumia karani wa Tegeta katika saa hizo.

MBALI NA KARIBU

Nuru hupita ndani ya nyuzi za kioo kwa kasi ya kilomita kama 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Ulaya kwa njia ya baharini ni kilomita zipatazo 10,000, kwa hiyo kwenda na kurudi haiwezi kupungua sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kwa kawaida huzidi. Mtu hawezi kuhisi muda huo. Lakini programu iliyoandikwa ovyo, ambayo kufungua ukurasa mmoja wa mwanachama huenda na kurudi mara 30 kwa zamu, itamfanya karani angoje sekunde tatu na zaidi kila mara, na mstari wa watu utafika barabarani. Katika hali hiyo fundi arekebishe programu kwanza; kuhamisha seva karibu ni kuficha kasoro.

Seva za Afrika Kusini ziko karibu zaidi. Microsoft ilifungua vituo vyake huko 2019, Amazon ikafungua Cape Town 2020, na Google Johannesburg 2024. Bei za makampuni haya makubwa huhesabiwa kwa vipande vingi: saa za kazi, diski, na data zinazotoka. Ankara yao inahitaji msomaji mwenye subira, na chama kidogo kinaweza kushtukizwa.

Karibu kabisa ni hapa hapa. Kijitonyama, wilayani Kinondoni, kipo Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data, kilichowekwa chini ya usimamizi wa TTCL, na zipo kampuni binafsi zenye vituo vyake jijini. Aidha Dar es Salaam ina kituo cha kubadilishana intaneti, TIX, ambako watoa huduma wa nchini hupeana data bila kuzizungusha ng'ambo. Ikiwa kampuni ya seva na kampuni ya simu ya karani zote zimeunganishwa hapo, ombi la karani wa Temeke halivuki bahari.

Faida yake ilionekana Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika upande wa kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ya Tanzania ilidhoofika kwa siku kadhaa, na aliyekuwa na hesabu zake ng'ambo alizipata kwa taabu au hakuzipata. Anayenunua seva ya nchini hana budi kuuliza kwa maandishi kama imo nchini kweli, kwani baadhi ya wauzaji wa hapa hukodi seva za Ulaya na kuziuza tena kwa shilingi. Hakuna ubaya katika biashara hiyo ikiwa imetajwa.

Lakini ukaribu nao hautoshi. Kuanzia Oktoba 29, 2025 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, na hapo seva ya Kijitonyama na ya Ujerumani zilikuwa sawa machoni pa karani mwenye simu. Chama kilichokuwa na orodha ya salio iliyochapwa kwenye karatasi kiliweza kupokea marejesho na kuandika stakabadhi za mkono. Orodha hiyo ichapwe kila Ijumaa jioni na kuwekwa kasikini. Kurasa zake si nyingi, na gharama yake ni wino.

SHERIA NA JINA LA CHAMA

Majina, namba za vitambulisho vya taifa, namba za simu, mishahara na madeni ya wanachama ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzilinda, na inaweka masharti juu ya kuzisafirisha nje ya nchi. Haisemi kwamba kila seva ya nje ni haramu. Hata hivyo chama kinachochagua Ulaya kwa sababu ya kuokoa shilingi elfu hamsini kinabeba kazi ya ziada ya kuonyesha kwamba masharti hayo yametimizwa. Kwa vyama vingi vya msingi, hilo peke yake linaweza kuipindua mizani kuelekea nyumbani.

Wajumbe wa Kamati ya Usimamizi na waangalie jambo jingine ambalo halimo katika bei, nalo ndilo linaloweza kukiangusha chama kuliko yote. Seva imeandikishwa kwa jina la nani? Mara nyingi fundi, kwa nia njema na kwa kutaka kazi iende, hufungua akaunti kwa barua pepe yake, hununua jina la mtandaoni la chama kwa jina lake, na funguo zote hubaki kichwani mwake. Akipata kazi Dodoma, akiugua, au akigombana na meneja juu ya malipo ya mwisho, chama chenye akiba za watu mia nane kinabaki nje ya mlango wa nyumba yake chenyewe. Hakuna polisi wa kuuvunja mlango ulioko Frankfurt.

Dawa yake ni ile ile ambayo ushirika umeitumia kwa hundi tangu zamani: sahihi mbili. Akaunti ya seva ifunguliwe kwa barua pepe ya chama. Jina linaloishia na .or.tz au .co.tz lisajiliwe kwa jina la chama kama lilivyo katika hati ya usajili. Fundi apewe ufunguo wake wa kazi, unaoweza kunyang'anywa bila kubomoa nyumba. Ufunguo mkuu uandikwe, utiwe katika bahasha iliyofungwa na kusainiwa na mwenyekiti na katibu, na bahasha ikae kasikini. Mkataba na fundi useme waziwazi kwamba programu na maandishi yake yote ni mali ya chama, na nakala yake ikabidhiwe kabla ya malipo ya mwisho.

NAKALA

Usiku wa Machi 10, 2021 moto ulizuka katika kituo cha kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja la seva liliteketea, na jingine likaharibika. Mamilioni ya kurasa za mtandaoni zilizimika. Miongoni mwa wateja walikuwamo waliokuwa wamelipia huduma ya nakala wakadhani wako salama, kumbe nakala zao zilikuwa zikitunzwa mahali pale pale palipoungua. Mmoja alikwenda mahakamani, na mwaka 2023 mahakama ya biashara ya huko iliamuru alipwe fidia. Chama cha Temeke hakina wakili wa Ufaransa.

Kwa hiyo nakala anayoiuza mwenye seva inunuliwe, maana huwa rahisi. Kwa DigitalOcean, mathalani, nakala ya kila juma ni asilimia 20 ya bei ya seva, na kwa seva ya dola 72 kwa mwaka ni dola 14 na senti 40. Lakini iwepo nyingine kwa mtu mwingine kabisa, katika mji mwingine, inayotumwa kila usiku. Leja ya megabaiti mia moja, ikibanwa, hutumwa kwa bando dogo. Ya tatu iwe katika diski ndogo iliyofungwa kwa neno la siri, inayobadilishwa kila Ijumaa na kukaa kasikini pamoja na ile orodha iliyochapwa. Diski isiyo na neno la siri ikipotea ndani ya daladala, taarifa za wanachama wote zimepotea nayo.

Wauzaji hujisifu kwa asilimia. Asilimia 99 ya kuwa hewani husikika kama alama ya juu ya mtihani, lakini asilimia moja inayobaki ni saa 87 na nusu kwa mwaka, zaidi ya siku tatu na nusu. Asilimia 99.9 ni saa tisa kasoro. Tena fidia inayoahidiwa kwa kawaida ni kurudishiwa sehemu ya kodi ya mwezi. Hakuna mwenye seva anayelipa akiba za wanachama.

Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijulikani kama ni nakala. Mara moja kila miezi mitatu fundi akodi seva tupu kwa saa chache, ambayo gharama yake haifiki bei ya soda, arudishe humo nakala ya jana yake, na mbele ya mjumbe mmoja wa Kamati ya Usimamizi afungue hesabu za wanachama kumi waliochaguliwa na mjumbe huyo. Salio la kila mmoja lilinganishwe na kijitabu chake cha akiba. Muda uliotumika, tangu kuanza hadi salio la kwanza kuonekana, uandikwe katika muhtasari. Ukiwa saa mbili, chama kinajua kwamba siku ya ajali ofisi ya Mbagala itafunguliwa tena kabla ya adhuhuri. Ukiwa siku tatu, au kazi ikishindikana, muhtasari useme hivyo hivyo, na suala liende kwa Bodi juma hilo hilo, kabla ya mkopo mwingine kutolewa.